Jembe na Katekisimo: Je, Kufundisha Kilimo ni Kazi ya Kanisa?



Katika mazungumzo ya wazee wa Kanisa pande za Kasulu na Kibondo, shauri moja hurudi mara kwa mara, nalo ni hili: Je, yafaa Kanisa kuanzisha chuo cha kilimo kwa ajili ya watu wa vijijini? Shauri hili si dogo. Chuo hakijengwi kwa maneno. Hujengwa kwa sadaka, na sadaka zetu nyingi ni debe la maharage, mkungu wa ndizi, na shilingi chache zilizofungwa katika pindo la khanga. Mtu akitoa kitu kama hicho, ana haki ya kuuliza kinakwenda wapi.

Katika kikao kimoja tulisikia maneno matatu, wala hatukuweza kuyasahau. Mwalimu mmoja wa usharika alisema, "Sisi tuliitwa kuhubiri Injili. Serikali ina mabwana shamba wake. Tuwaachie kazi yao." Mzee mmoja akasema, "Mimi nimelima tangu sijaota ndevu. Kijana wa chuo atanifundisha nini juu ya shamba langu?" Kisha mama mmoja, mjane, akasimama akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, mimi nilimpeleka mwanangu shule ili aokoke na jembe. Nanyi sasa mwataka kumrudisha kwenye jembe?"

Hawa watatu si wapinzani wa Kanisa. Ni watu wa kweli, na kila mmoja ana haki katika neno lake. Kwa hiyo yatupasa kuyajibu maneno yao moja moja kwa uangalifu, wala tusiyapite mbio ili tufike kwenye jibu tulilolitamani tangu mwanzo.

Kwanza tulitazame neno la mwalimu. Ni kweli kwamba Kanisa liliitwa kwa Neno na Sakramenti, na likiyaacha hayo halina jina tena. Twajua pia hatari iliyopo. Msaada ukifuatana na mahubiri, mtu aweza kuja ibadani kwa ajili ya mbegu, wala si kwa ajili ya Bwana wa mbegu. Mchungaji naye aweza kugeuka kuwa msimamizi wa matrekta, akakosa nafasi ya kumzuru mgonjwa.

Walakini mwalimu yule hufundisha watoto wa kipaimara kila mwaka. Naye huwafundisha Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529. Tumwulize basi: Mwafikapo kwenye ombi la mkate wa kila siku, wawaambia watoto kwamba mkate huo ni nini? Maelezo ya Luther hayaishii kwenye mkate ulio mezani. Huhesabu pamoja nao mavazi, nyumba, shamba, mifugo, hali njema ya anga, serikali njema, hata majirani wema. Basi ikiwa shamba limo katika Sala ya Bwana, haiwezekani kwamba shamba ni neno la dunia tu. Kitabu cha Mwanzo nacho chatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Yaani kulima si laana. Laana ni miiba na jasho lisilo na faida, lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko miiba.

Tena tangu zamani Kanisa halikuona haya kujenga hospitali. Hakuna aulizaye leo kwa nini misheni hutibu malaria. Ikiwa ni halali kumponya mtoto aliyedhoofika kwa kukosa chakula, yawezaje kuwa haramu kumfundisha mama yake kupanda kitu kitakachomzuia mtoto asidhoofike? Hivyo neno la mwalimu twalishika kama onyo, wala si kama kizuizi. Chuo kisiwe ndoano ya kuvulia watu. Mwanafunzi Mkatoliki, Mwanglikana, Mpentekoste au Mwislamu aingie na kutoka kama alivyokuja, ila akiwa na ujuzi zaidi. Tukumbuke pia kwamba katika Buha sisi Walutheri ni wachache, na wengine walitutangulia: mapadri Wakatoliki pale Kabanga, na ndugu Waanglikana wenye chuo chao cha Biblia pale Kasulu. Tusijifanye tumekuja katika nchi isiyokuwa na mtu.

Sasa tulitazame neno la mzee. Yeye asema, "Nimelima maisha yangu yote." Nasi twasema, ni kweli, mzee wetu. Nani aliwafundisha watu wa Buha kupanda migomba karibu na nyumba, mahali pa samadi na majivu? Nani aliwafundisha kuchanganya maharage na mahindi? Si chuo. Leo wataalamu wanaeleza kwamba mizizi ya maharage ina vinundu, na ndani yake wamo vijidudu vinavyotwaa hewa na kuifanya kuwa rutuba. Bibi zetu hawakuviona vijidudu hivyo, lakini waliuona udongo. Chuo kitakachoanza kwa kumdharau mzee huyu kitakuwa kimekosa hekima ya kwanza ya kilimo, yaani kuuliza wenyeji.

Lakini, mzee wetu, yamekuja mambo ambayo babu zako hawakuyaona. Ugonjwa mkali wa batobato ya muhogo ulitoka Uganda katika miaka ya 1990, ukaingia Kagera, kisha ukafika Kigoma. Mnyauko wa migomba ulionekana Kagera mwaka 2006, ukaenea katika mikoa ya jirani. Viwavijeshi vamizi, waliotoka bara la Amerika, waliingia katika mahindi ya Tanzania mwaka 2017. Udongo nao wa sehemu nyingi za Kasulu na Kibondo, kwa sababu ya mvua nyingi zinazouosha mwaka hata mwaka, una tindikali, hata mbolea iliyonunuliwa kwa shida haileti mavuno yaliyotazamiwa mpaka udongo upate chokaa au dawa nyingine ya kuutengeneza. Mambo haya jicho peke yake haliyajui.

Hapa twataka msomaji asimame kidogo, maana twadhani kiini cha shauri lote kimo hapa. Fikirini desturi yetu njema. Mtu akihamia kijijini, au shamba lake likiharibika, jirani humkatia pingili za muhogo akapande. Hatozwi kitu. Ni hisani, na ni desturi ya Kikristo kabla Ukristo haujafika kwetu. Lakini batobato na michirizi ya kahawia husafiri kwa njia mbili: huchukuliwa na nzi weupe, na huchukuliwa katika pingili zenyewe. Tena michirizi ya kahawia mara nyingi huonekana kidogo tu katika majani, huku mizizi ikioza ndani ya ardhi. Basi mtu mwema, kwa moyo mweupe, ambebea jirani yake njaa ya mwaka ujao, naye humshukuru kwa mikono miwili. Hali kadhalika panga. Mtu akikata mgomba ulio na mnyauko, kisha akaenda kumsaidia ndugu yake kupogolea migomba kwa panga lile lile lisilopitishwa motoni, amempelekea ugonjwa kwa mkono wa upendo.

Je, mtu huyu ametenda dhambi? Hatuthubutu kusema hivyo, kwa kuwa hakujua. Lakini sisi tulio na njia ya kujua, tusipomwambia, je, sisi hatuna neno? Twadhani tunalo. Amri ya kumpenda jirani haitimizwi kwa moyo peke yake. Yataka pia kujua kinachomfaa na kinachomdhuru. Msamaria yule wa njiani hakulia tu juu ya mtu aliyejeruhiwa. Alijua kutia mafuta na divai, alijua kufunga jeraha. Ujuzi ulikuwa sehemu ya huruma yake. Na hivyo kulijua jani la muhogo lenye ugonjwa ni sehemu ya kumpenda jirani katika nchi ilayo ugali wa muhogo. Hili ndilo jibu letu kwa mzee. Hatumwambii kwamba hajui kulima. Twamwambia kwamba hisani yake yahitaji macho mapya, na yeye atufundishe yale ya zamani ambayo vitabu havina.

Sasa tumefika kwa yule mama mjane, na hapa twakiri kwamba jibu ni gumu. Maana yeye hakuogopa kazi, aliogopa aibu. Wala aibu hiyo hakuizua yeye. Katika nchi yetu jembe lina historia yake, na historia hiyo imejaa amri za watu wengine.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa pande za Kibondo, ikawakusanya mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chama cha kuandika vibarua kilichoitwa SILABU, na Buha ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa watu wengi. Vijana wetu walikwenda hata Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina alilobatizwa. Katika miaka ya 1970, katika Operesheni ya Vijiji, watu waliacha migomba yao vilimani wakakaa kandokando ya barabara. Twajua kwamba baadhi ya mambo hayo yalikuwa na sababu njema. Lakini mkulima aliona jambo moja tu: kwamba kila mara aliyemwambia mahali pa kulima na namna ya kulima hakuwa yeye aliyeshika jembe.

Elimu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, akiwamo Mwafrika mmoja mashuhuri, James Aggrey wa Gold Coast, nayo ikashauri kwamba shule za Waafrika zitilie nguvu kilimo na kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na akili ndani yake. Lakini wazazi wengi wa Kiafrika waliuliza swali moja: Mbona watoto wa watawala hujifunza sheria na udaktari, na wetu ndio wajifunze jembe? Hatuwezi kusema kwamba waliuliza upumbavu. Baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe na shamba ili mtoto asitengwe na maisha ya wazazi wake. Nia ilikuwa njema sana. Lakini katika shule nyingi shamba likawa mahali pa adhabu. Mtoto akichelewa, akapalilie. Akipiga kelele, akachimbe. Hivyo mtoto akajifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni, kwamba jembe ni malipo ya kosa.

Hata sisi tuandikao hatuko safi katika jambo hili. Tumehubiri mara nyingi juu ya heshima ya kazi ya mikono, tukiwa tumevaa kanzu nyeupe, na watoto wetu wenyewe tuliwatafutia shule za kuwapeleka mjini. Usharika uliona, ukanyamaza kwa adabu. Kwa hiyo mama yule aliponiuliza, yaani alipotuuliza sisi wachungaji, hakuwa akiuliza juu ya kilimo tu. Alikuwa akiuliza kama twampa mwanawe kitu ambacho tusingewapa wanetu.

Basi twaweka kipimo hiki mbele ya wote watakaolishughulikia shauri la chuo: Ikiwa mchungaji, mwinjilisti na mzee wa Kanisa hawako tayari kumpeleka mtoto wao mwenyewe katika chuo hicho, kisijengwe. Chuo kikiwa kikapu cha kuwatilia waliokosa nafasi mahali pengine, kitathibitisha aibu badala ya kuiondoa. Na kama ni chuo cha kweli, mwanafunzi ajifunze humo hesabu ya mapato na matumizi, elimu ya udongo na magonjwa, uuzaji wa mazao, utunzaji wa ng'ombe na mbuzi, na sheria ya ardhi, sawasawa na mtu ajifunzaye kazi yoyote yenye heshima.

Jambo hili si ndoto. Pale Igabiro, katika wilaya ya Muleba, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri ina chuo cha kilimo. Katika Kasulu yenyewe serikali ina chuo chake cha kilimo, Mubondo. Tena pale Kasulu na pale Kibondo viko vyuo vya maendeleo ya wananchi, vya namna ile iliyoanza nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Waswidi. Mawazo ya vyuo vya namna hiyo, tukiyafuata mpaka chanzo chake, yatatufikisha Denmark kwa mchungaji wa Kilutheri, N. F. S. Grundtvig, aliyefariki mwaka 1872. Yeye aliwaona wakulima wa nchi yake wakidharauliwa na watu waliosoma Kilatini, akasema na wapewe chuo kinachonena lugha yao na kuheshimu maisha yao. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Kwa hiyo mchungaji anayefikiri juu ya mkulima hajatoka katika njia ya baba zake wa imani.

Lakini vyuo hivyo vyatufundisha pia swali jingine. Chuo kitoacho cheti huwatoa mabwana shamba na mabibi shamba, nao ni wa lazima. Walakini mwenye cheti hutafuta ajira, na ajira mara nyingi iko mbali na kijiji chake. Hatumlaumu, ana haki ya kutafuta riziki yake. Lakini tukisema chuo ni cha watu wa vijijini, na vijiji visione ila migongo ya vijana wakiondoka, tutakuwa tumewadanganya waliotoa debe la maharage. Kwa sababu hiyo twashauri chuo kiwe na milango miwili: mmoja wa masomo marefu ya cheti, na mwingine wa masomo mafupi ya wakulima wenyewe, wakati wa kiangazi, baina ya mavuno na mvua za Oktoba na Novemba, mikono inapopumzika. Kwa mlango huu wa pili aingie mzee wetu, wakati mwingine akiwa mwanafunzi, na wakati mwingine akiwa mwalimu.

Tena twataka wanawake wahesabiwe tangu siku ya kwanza, maana sehemu kubwa ya kazi ya shamba wanaifanya wao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humpa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria iliyo katika kitabu na ardhi iliyo mkononi mwa shemeji ni vitu viwili. Chuo kikimfundisha mjane kulima vizuri, na Kanisa likanyamaza anaponyang'anywa shamba, tumelifaa shamba, wala hatukumfaa mjane.

Juu ya ardhi tuna neno lingine zito. Chuo cha kilimo chahitaji eneo, na katika Kasulu na Kibondo eneo lililo wazi mara nyingi si tupu. Lina mtu alilimaye kwa msimu, au achungaye, au akataye kuni. Tukumbuke shamba la mizabibu la Nabothi. Mfalme Ahabu naye alikuwa na matumizi mazuri ya bustani yake. Afadhali chuo chenye ekari chache zilizotolewa kwa ridhaa, mbele ya mkutano wa kijiji, kuliko chuo kikubwa ambacho jirani hupita akikitazama kwa uchungu.

Mwisho, jirani zetu ni nani? Katika nchi hii swali hilo halijibiwi kwa maneno mepesi. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba mwaka 1993, watu wengi mno walivuka mpaka wakaingia kwetu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi walikuja tena kwa wingi. Huduma ya Kikristo kwa wakimbizi, ile TCRS iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa Walutheri wa ulimwengu, ilifanya kazi katika nchi hii miaka mingi. Sheria ya mwaka 1998 huwataka wakimbizi wakae katika maeneo yao, nasi hatushauri mtu avunje sheria. Lakini ujuzi hauhitaji hati ya ardhi. Mtu aliyejifunza kupanda mboga katika gunia, au kutambua pingili yenye ugonjwa, huenda nao hata arudipo kwao. Ruthu naye alikuwa mgeni, na shamba la Boazi halikupungua kwa sababu aliokota masazo.

Basi jibu letu ni nini? Twasema, ndiyo, ni kazi ya Kanisa. Lakini si kwa haraka, wala si kwa kuanza na majengo. Tuanze na bustani moja katika usharika mmoja, yenye muhogo safi na migomba safi, ambapo jirani apewapo pingili ataambiwa pia namna ya kuikagua. Bustani hiyo ikitunzwa kwa uaminifu misimu mitatu, ndipo tuwaulize wazee juu ya darasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukishindwa na bustani, chuo tungekifanyia nini?

Na yule mama? Baada ya kikao tulikwenda kwake, tukamwambia kwamba hatuna haki ya kumrudisha mwanawe kwenye jembe alilolikimbia. Akatukaribisha viti. Kisha akasema, "Kama mtamfundisha ajue kwa nini muhogo wangu unaoza, na kama wenu nao watakuwapo darasani, nitafikiri." Hakusema zaidi, nasi hatukumhimiza. Twaona amesema masharti ya haki, na sasa ni juu yetu kuyatimiza kabla ya kumwomba sadaka nyingine.

Ninyi walimu wa sharika, mfundishapo ombi la mkate wa kila siku mwaka huu, msilipite upesi neno lile la shamba. Bwana awape nguvu katika kazi zenu.